Kanuni ya Kumi na Moja Haimtambui Mtani

Chuo chetu pale Kibaha kilikuwa na kompyuta za kugombania na kanuni za kumwaga. Kanuni zilibandikwa ukutani ukiingia tu mlangoni, karatasi imefungwa ndani ya plastiki ngumu ili isichafuliwe na mikono ya wale wale inaowahusu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kupita mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani asiisome. Nikazisoma zote siku ya kwanza, mkoba ungali begani, hadi nikafika kwenye ile inayomtaka kila mtumiaji akung'ute theluji kwenye viatu vyake kabla ya kuingia. Nikaviangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimejaa vumbi la Maili Moja, na juu ya vumbi kanuni hazikusema neno.

Nikamuuliza msimamizi wa chumba, baba wa makamo aliyefunga tai hata Jumamosi, hiyo theluji tuitarajie mwezi gani.

"Hiyo imeshapitishwa na kikao, mwalimu," akasema.

"Na kikao kiliiona wapi theluji?"

"Kikao hakishughuliki na hali ya hewa."

Alisema bila kutabasamu. Baadaye nikaja kusikia kwamba kanuni zile zilichukuliwa nzima nzima kutoka chuo kimoja cha Ulaya, zikatafsiriwa na mtu aliyelipwa kutafsiri, hakulipwa kufikiri.

Nisije nikaonekana mkorofi wa kuzaliwa. Kanuni nazipenda. Darasani kwangu kule Kisarawe mtoto anajua pa kuweka fagio na anajua nani anafuta ubao. Ila kanuni zangu zinawajua watoto ninaowaambia. Hizi za chuo zilikuwa zinazungumza na watu wengine kabisa, halafu sisi ndio tunaadhibiwa kwa kutosikia.

Chukua kanuni ya nne. Ilikataza mtu kumpa mwenzake nenosiri lake, iwe kwa heri au kwa shari. Sasa kwa kuwa kompyuta zilikuwa chache, utawala wenyewe ukatoa akaunti moja kwa wanafunzi wawili, na nenosiri moja. Kwa hiyo kila tulipokaa kitako tulikuwa tumeshavunja kanuni kabla hata hatujawasha mashine. Hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu aliyetuvunjisha ni mkubwa.

Mimi nilipangwa na mama mmoja mkazi wa Sofu, karani wa ofisi ya serikali, mtu mzima mwenzangu aliyerudi shule watoto wake wakiwa wameanza kuota ndevu. Siku ya kwanza alinisalimia vizuri, akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Kisarawe.

"Kisarawe mhamiaji au Kisarawe mwenyewe?"

"Kisarawe mwenyewe. Mzaramo."

Uso wake ukabadilika. "Basi nimekwisha," akasema. "Mzaramo na kusoma, wapi na wapi? Kwenye ngoma umemwacha nani?"

Nikajua hapo hapo kwamba nimepata mtani, na lafudhi ni ya Unyamwezi. "Wewe Mnyamwezi," nikamwambia, "nani amekuruhusu kuutua mzigo? Shika mkoba wangu huo."

Akaushika. Akaubeba hadi kompyuta namba saba ameuweka kichwani, na chumba kizima kikatutazama. Tangu siku ile hatukuitana jina. Nilikuwa Mzaramo, alikuwa Mnyamwezi, na tukitaka kuoneshana mapenzi zaidi tulitukanana zaidi. Msomaji asiye na watani nampa pole, maana kuna mambo mtu hawezi kuambiwa na ndugu yake wa damu wala na rafiki, na ni lazima apatikane mtu wa kuyasema.

Baba yangu alipofariki ndipo nilipojua mtani ni nani. Alipanda Kisarawe mwenyewe, wala sikumwita. Nyumba imejaa wanawake wanalia, mama yangu amekaa kwenye mkeka kama mtu aliyesahauliwa pale. Mnyamwezi akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa kanzu yake na kofia yake, fimbo mkononi, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kudai kahawa kwa sauti ya marehemu, akilalamika kwamba haina tangawizi. Baba alikuwa akilalamika hivyo hivyo kila asubuhi. Mama aliinua kichwa. Halafu akacheka, mama yangu, mjane wa siku ile ile, akacheka mpaka shuka likamvuka. Jeneza lilipotaka kutoka, Mnyamwezi akaziba mlango kwa mikono yake miwili na kusema mzee hatoki mpaka yeye apewe jogoo. Wajomba wakampa jogoo.

Jambo kama lile halina shukrani za maneno. Unalipa siku yake ikifika, kwa namna ile ile.

Siku yake ikafika, na mimi nikashindwa. Mama mzazi wa Mnyamwezi alifariki kijijini huko mbele ya Tabora, na ilikuwa wiki ya mitihani ya darasa la saba, mimi nikiwa msimamizi. Ruhusa ya kusafiri nikanyimwa. Nikapiga simu, ikapokelewa na mdogo wake wa kiume, na huyo si mtu wa kumwambia niliyokuwa nayo moyoni. Nikasema pole kama wasemavyo watu wote, nikakata, nikajisikia vibaya. Utani husemwa mbele ya uso wa mtu. Nikafikiri ni wapi uso wake utafika kwanza akirudi, nikakumbuka kompyuta namba saba. Jumamosi ile nikakaa, nikaandika kwa herufi kubwa, nikauacha ujumbe mahali ambapo asingeweza kufungua kitu kingine kabla ya kuuona:

"Mnyamwezi, umerudi? Mama yako hakuugua, alichoka kukulisha. Sasa zamu ni yako. Sanda ninayo tayari, nimekupima kwa macho, imebidi niongeze kitambaa kwa ajili ya hayo makalio. Kaburi tumeshachimba huku Kisarawe, mlimani, penye upepo, maana Tabora hawakutaki. Siku yoyote nakuzika. Mtani wako."

Niliona kazi nzuri. Nikarudi nyumbani nimetulia.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mnyamwezi alirudi, akakaa, akafungua, akasoma, akacheka. Kicheko chake si cha kufichwa na kiganja. Kanuni ya pili inataka ukimya, kwa hiyo msimamizi akaja na tai yake kuona kelele inatoka wapi, akainama kwenye kioo, akasoma naye. Hakucheka. Alisoma tena, akatoa nakala kwenye printa, akaenda nayo utawala. Katika taarifa yake aliandika kwamba baada ya kusoma vitisho hivyo mwathirika "alitoa sauti kubwa isiyo ya kawaida."

Nikaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu kwa kuvunja kanuni ya kumi na moja, inayokataza kutumia kompyuta za chuo kumtishia mtu au kulidhalilisha kabila lake. Nilipoambiwa nilitaka kucheka, lakini nikaelezwa na adhabu yake, nikaacha. Wenye makosa hayo husimamishwa masomo mwaka mzima. Na mimi ruhusa ya kusoma niliyopewa na mwajiri ilikuwa inaishia mwaka huo. Niliisubiri kwa muda mrefu, nikiwaona walimu wadogo kwangu wanaondoka kwenda kusoma na kurudi kunisimamia. Nikisimamishwa, ruhusa inakufa, narudi mwisho wa foleni, na kwa umri wangu foleni ile huenda ikanizidi pumzi. Nilibakiza ripoti ya utafiti tu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa daktari wa falsafa, mhadhiri wa sheria, na mama mmoja wa ustawi wa wanafunzi. Maandishi yangu yalikuwa mezani, yamepigwa mhuri.

"Haya ni yako?" akauliza mwenyekiti.

"Ni yangu."

"Ulimaanisha kwamba utamzika?"

"Nilimaanisha."

"Lini?"

"Akifa."

Mhadhiri wa sheria akaandika. "Na hiyo sanda unayo?"

"Sina. Nilitia chumvi."

"Kwa hiyo unakiri kuweka taarifa za uongo kwenye mfumo wa chuo."

Nikaeleza. Nilianza tangu enzi za misafara ya wapagazi kutoka bara kuja pwani, nikaeleza jinsi Wanyamwezi na sisi tulivyozoeana mpaka tukawa watani, nikaeleza habari ya kanzu ya baba yangu na jogoo. Nilieleza vizuri, nadhani hata darasa la nne wangeelewa. Mwenyekiti akazipekua kanuni kurasa zote, akazifunga.

"Neno utani halimo," akasema.

"Theluji imo," nikasema.

Halikunisaidia hilo. Yule mama wa ustawi aliinamisha uso, na nina hakika kwao wana watani na amewahi kudaiwa jogoo. Lakini mtu akiingia kwenye kamati huacha kwao mlangoni, kama viatu msikitini.

Akaitwa Mnyamwezi. Alikuja na kitambaa cheusi kichwani, macho yamekauka, amesimama wima. Mhadhiri wa sheria akalainisha sauti, maana alikuwa anazungumza na mwathirika.

"Mama, pole kwa msiba. Tuambie, uliposoma maneno haya, uliingiwa na hofu?"

Hakunitazama. "Hofu kubwa sana, mheshimiwa," akasema. "Tangu siku ile nalala na panga. Wazaramo nawajua mimi, wakipumzika ngoma kidogo tu wanazika mtu. Naomba afukuzwe kabisa, na kuku wake wote nipewe mimi kwa ajili ya usumbufu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya kamati, kwa sababu lilikuwa jibu zuri mno. Angenitetea ningeumia. Mtu akianza kumtetea mtani wake kwa adabu na kumsifia tabia, amemwambia kwamba uhusiano umekwisha na sasa wamebaki watu wa kuheshimiana. Alijibu kama mtani anavyotakiwa kujibu popote, hata mbele ya jaji. Kisha nikasikia kalamu. Mhadhiri wa sheria alikuwa anaandika kila neno, panga na kuku.

Tulipotoka nje Mnyamwezi akanishika mkono.

"Hawakucheka," akasema.

"Hawakucheka."

"Nilidhani wakicheka tu yameisha. Kwetu huwa yanaishia hapo."

Akageuka, akarudi ndani kusema kwamba alikuwa anatania. Mhadhiri wa sheria akamjibu kwa upole mkubwa kwamba shahidi anayefuta maneno yake muda mfupi baada ya kuzungumza na mtuhumiwa ni dalili nyingine kwamba ametishwa, na akaliongeza hilo kwenye shauri.

Ilikuwa mama wa ustawi aliyeniokoa, kwa kadiri nilivyookoka. Aliwaambia wenzake kwamba mimi ni mtumishi, nina umri, na ni kosa la kwanza. Uamuzi ukawa kwamba nisisimamishwe, ila nisitie mguu katika chumba cha kompyuta mpaka muhula uishe. Nikionekana ndani mara moja, mwaka mzima nje, bila kikao kingine. Waliona ni huruma. Kanuni ya tisa ilitaka ripoti zote za mwisho ziandikwe na kutumwa kutoka kompyuta za chuo, kwa sababu ripoti zilizochapwa kwenye steshenari za Maili Moja zilikuwa zinaandikwa na wenye steshenari wenyewe. Yaani niliruhusiwa kumaliza masomo kwa sharti la kutomaliza. Nilimweleza mwenyekiti hivyo, akasema kamati hushughulika na nidhamu, mambo ya taaluma yana kamati yake.

Nikazisoma tena kanuni, safari hii nikisimama kizingitini. Hazikusema lolote kuhusu dirisha.

Kompyuta namba saba ilikuwa karibu na dirisha la vioo vya kukunja, na nje ya dirisha kulikuwa na njia nyembamba kati ya ukuta na ua wa michongoma. Ikawa kila Jumamosi mimi nasimama pale, jua la Kibaha kichwani, miba mgongoni, nasoma ripoti yangu kutoka kwenye daftari, na Mnyamwezi ndani anaichapa. Utafiti ulihusu utoro wa wanafunzi msimu wa korosho. Msimamizi wa chumba alikuja akachungulia dirishani, akanitazama, akaenda kuisoma karatasi yake ukutani, akarudi kwenye meza yake akiwa na huzuni ya mtu aliyekosa kifungu.

"Rudia," Mnyamwezi anasema.

"Wazazi wengi wana mwamko mdogo wa elimu."

"Wazazi hao ni Wazaramo?"

"Ndiyo."

"Basi ungeishia hapo. Utafiti umekwisha, kurasa nyingine za nini?"

Watu waliopita nje walidhani nagombana na ukuta. Lakini ripoti ikaenda, sura baada ya sura, na siku ya mwisho ya kutuma tulikuwa tumebakiza ukurasa wa shukrani. Mfumo ungefungwa saa kumi. Tulikuwa na muda wa kutosha, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona joho mwilini mwangu.

Nikasoma. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru msimamizi wa utafiti ambaye nilimwona kwa shida kama mwezi mwandamo. Nikamshukuru marehemu baba yangu. Kisha nikasoma lile nililoandika asubuhi ile nikiwa peke yangu, bila kulifikiria sana: "Na namshukuru mama mzazi wa mtani wangu, ambaye sikuweza kwenda kumzika. Nisamehewe."

Kibodi ikanyamaza. Nikangoja tusi.

"Andika," nikasema.

Hakuandika. Nikasogeza uso kwenye vioo, nikamwona ameweka mikono mapajani anaangalia kioo cha kompyuta.

"Mimi sijalia," akasema taratibu. "Unajua kwamba sijalia? Mimi ndiye mkubwa kwetu. Nilikuwa napanga nani apike, nani akawapokee wageni stendi, nani alale wapi. Kila mtu ananiambia pole, mimi nasema asante. Nikarudi, nikafungua hii mashine, nikasoma kwamba mama amechoka kunilisha. Nikacheka. Nilijua kicheko kikiisha tu nitalia, nikasema sasa nalia. Yule bwana akaja na kelele zake, na watu walikuwa wanasubiri kompyuta, nikainuka. Kweli alichoka, Mzaramo. Alinilisha peke yake."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, karani wa serikali, katikati ya chumba cha watu na vichwa vyote vikageuka. Hakuna aliyemsogelea. Wale wote walikuwa vijana, hawakujua waanzie wapi, na mmoja akamwonesha kwa kidole mahali pa ukutani palipoandikwa ukimya.

Nilikuwa najua saa. Nilikuwa najua ripoti haijatumwa, na kwamba mwingine wa kuituma hayupo. Nilijua pia maana ya kuingia, kwa sababu niliambiwa kwa maandishi. Ningeweza kusema pole dirishani. Niliisema mara moja kwenye simu kwa mdogo wake, na nilijua uzito wake ni kiasi gani. Nikazunguka ukuta nikikaribia kukimbia, miba ikanichana gauni, nikapita mlangoni.

"Hodi," nikamwambia Mnyamwezi. "Nimefika msibani. Nimechelewa njiani."

Nikakishika kichwa chake, nikakilaza tumboni kwangu, naye akanishika kiuno kwa nguvu. Nikamtukana polepole, yeye na ukoo wake, mmoja mmoja, kama inavyopaswa, na yeye akawa analia na kucheka, na mimi nikaanza kulia pia, kwa ajili ya mama yake na baba yangu, na kwa ajili yangu mwenyewe, maana nilikuwa nimeona masomo yangu yameondoka.

Msimamizi alikuja akasimama karibu yetu, tai imenyooka.

"Ni msiba?" akauliza.

"Ni msiba."

"Poleni sana," akasema, na alikuwa anamaanisha. Kisha akaenda kwenye meza yake akaandika jina langu.

Akaunti yetu ilifungwa na utawala kabla ya saa kumi, ripoti ikiwa ndani haijatumwa. Niko nje ya chuo sasa, nafundisha darasa la nne, na ruhusa yangu imekufa kama nilivyojua. Inaniuma. Nikiwaona walimu wanaoaga kwenda masomoni nainama natafuta chaki ambayo haijaanguka.

Ripoti yake Mnyamwezi alikuwa ameshaituma wiki iliyotangulia, kwa hiyo yeye amehitimu. Siku ya pili baada ya mahafali alipanda Kisarawe amevaa joho lake, barabara nzima watoto wakimfuata, akaingia jikoni kwangu akakaa kwenye kigoda. Nikampakulia wali na samaki. Akasema, kama alivyotakiwa kusema, kwamba alijua tangu mwanzo Mzaramo hamalizi shule. Sauti ikamkatika katikati, hakuweza kulimaliza tusi, akabaki na tonge mkononi akinitazama. Nikamsubiri. Alipoona bado namsubiri aliweka tonge sahanini, akalirudia tusi lake tangu mwanzo mpaka mwisho.